Mikono Miwili, Watoto Wawili: Likizo ya Mzazi Anayelea Peke Yake

Swali la kwanza ninalojiuliza kabla ya safari yoyote na wanangu si la nauli wala la malazi, bali ni la choo. Ninapiga picha kichwani ya kila mahali tutakapopita, iwe stendi, stesheni au mgahawa wa njiani, kisha ninajiuliza: mdogo akisema "Mama, mkojo", nani atabaki na mizigo, na nani atabaki na dada yake?

Ukiwa na mwenzako, swali hilo halipo. Mmoja anakwenda na mtoto, mwingine anabaki na mabegi, na baada ya dakika tano hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na jambo. Ukiwa peke yako na watoto wawili, msafara mzima unahama: mnabeba kila kitu, mnaingia wote watatu kwenye chumba ambacho hata mtu mmoja anakitumia kwa kubanana, begi unalining'iniza shingoni kwa sababu sakafu imelowa, na mkubwa anageukia ukutani ili mdogo wake apate stara. Nimepitia hayo mara nyingi kiasi kwamba sasa ninapanga safari nikianzia hapo, na ninawaambia wazazi wenzangu wanaolea peke yao kwamba upungufu wetu mkubwa safarini ni wa mikono na macho, hata kabla ya ule wa fedha.

Binti yangu ana miaka 10 na mdogo wake ana miaka 5. Mimi na baba yao tuliachana mwaka 2021. Yeye anaishi Mwanza, anazungumza nao kwa simu, na kila Desemba wanakaa kwake siku chache. Mimi ninafanya kazi ya ofisi Dar es Salaam. Mtaani wanatuita singo maza, na sina ugomvi na jina hilo, ila ninaona kwamba wengi wanalitamka kana kwamba mtu wa aina hiyo hana haki ya kwenda popote na watoto wake isipokuwa shuleni, hospitalini na kwa bibi.

Nami sidharau kwenda kwa bibi. Watoto wangu wamejifunza kwa mama yangu mambo ambayo mjini nisingeweza kuwafundisha: kuchuma mboga za majani, kumsalimia mkubwa kwa kumsubiri amalize kuitikia, kulala mapema kwa sababu usiku umeingia. Lakini likizo hiyo ni ya kwao, si yetu. Ninawapandisha basi na shangazi yao, ninarudi kazini, na wakirudi wananisimulia vitu ambavyo sikuviona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 28 za likizo mfululizo kwa mwaka, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Shule zinafungwa Juni na Desemba kwa majuma kadhaa kila mara, kwa hiyo hesabu haitoshi hata kidogo, na siku zangu nyingi za likizo zilikuwa zinaishia kwenye homa za watoto, vikao vya wazazi na foleni za kufuatilia nyaraka. Mwaka mzima wananiona nikitoka alfajiri na kurudi nikiwa nimechoka. Nilitaka wanione angalau siku nne nikiwa sina haraka.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa Desemba 2022, nilipowapeleka ufukweni. Hoteli niliyoichagua ilitangaza bei ya familia, na bei hiyo ilikuwa ya watu wazima wawili na watoto wawili. Nilipoeleza kwamba mtu mzima ni mmoja tu, niliambiwa bei haibadiliki, na kwamba kitanda cha pili cha watu wawili kipo hata nisipokitumia. Nililipa kifungua kinywa cha mtu ambaye hayupo kwa siku tatu. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu halikuwa la fedha peke yake; kila asubuhi mhudumu alikuwa anaandaa meza ya watu wanne na kuniuliza kama baba anakuja.

Hata hivyo, kilichonibadilisha kabisa kilitokea majini. Mdogo alikuwa na miaka miwili, amekaa kwenye maji ya kina cha kiganja, na dada yake alikuwa hatua chache mbele akirukia mawimbi. Mchanga ukamwingia mdogo machoni, akaanza kulia na kujikuna, nami nikainama kumsafisha kwa ncha ya kanga. Nilipoinua uso, sikumwona binti yangu. Niliita jina lake, nikamnyanyua mdogo, nikaingia majini mpaka kiunoni nikiwa na mtoto begani anayelia, na kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani niliamini kwamba nimempoteza. Alikuwa nyuma ya mtumbwi uliopakwa rangi ya bluu, amechuchumaa, anaokota kombe. Hakunisikia kwa sababu ya upepo. Sikumpiga wala sikumgombeza; nilikaa mchangani nikamshika mkono mpaka jua lilipoanza kuwa kali, na siku mbili zilizobaki hatukuingia tena baharini. Bahari haina kosa, na mzazi mwenye mtoto mmoja aliye mkubwa anaweza kuifurahia bila wasiwasi. Ila macho ya mtu mmoja hayawezi kugawanyika kwa watoto wawili wenye umri tofauti walio ndani ya maji, na hakuna ushauri wa kuwa mwangalifu zaidi utakaolibadilisha hilo.

Usiku wa hoteli ile nao ulinifundisha. Watoto walilala saa mbili. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, hakikuwa na roshani, na taa ilikuwa moja tu. Nikiiwasha, mdogo anaamka. Nikachukua mto, nikakaa kwenye sakafu ya bafu mlango ukiwa umerudishiwa, nikasoma kitabu hapo mpaka saa nne. Nilikuwa nimelipa mshahara wa majuma mawili ili kukaa bafuni.

Baada ya hapo wengi walinishauri nisafiri na dada wa kazi, na ninajua familia nyingi zinafanya hivyo. Nilifikiri sana juu ya ushauri huo, nikaukataa. Dada anayenisaidia nyumbani analea watoto wangu siku zote ambazo mimi niko kazini, naye ana mama yake Singida na mdogo wake anayesoma. Kumwambia kwamba wakati wetu wa kupumzika ni wakati wake wa kubeba begi na kukimbizana na mtoto ufukweni, kisha akirudi aendelee na vyombo, kunanishinda. Tukifunga safari, naye anafunga safari ya kwao na nauli yake ninaitoa mimi. Wapo watakaosema huo ni ugumu usio na maana, lakini kila mtu ana mambo ambayo moyo wake unayakubali na ambayo hauyakubali.

Kwa hiyo Juni 2025 nilipanga upya, nikianza na mikono. Nilitafuta njia ambayo katika kila hatua kuna kitu au mtu anayeshika nafasi ya mtu mzima wa pili bila mimi kumwomba. Hilo ndilo lililonipeleka Morogoro kwa treni.

Anayeifahamu barabara ya Morogoro kwa basi anajua kwamba gari likisimama Chalinze, au pembeni mwa kichaka, abiria wanashuka kuchimba dawa, na kondakta anapiga mluzi kabla hata hujafungua zipu ya mtoto. Mwenye watoto wawili na begi kwenye kiti hana la kufanya. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na Julai 25 mwaka huo ikafika Dodoma. Kwangu mimi sifa yake kubwa si kwamba inaweza kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, bali ni kwamba choo kimo ndani, hatua chache kutoka kwenye kiti, na begi linabaki juu ya kichwa chako mahali ambapo mtoto mkubwa anaweza kuliona. Nauli ya daraja la kawaida mpaka Morogoro ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, kwa hiyo kwenda na kurudi tulitumia shilingi 52,000 sisi watatu. Tiketi nilinunua mapema kwa simu, ili tupate viti vinavyofuatana, kwa maana mtoto wa miaka mitano aliyekaa mbali na mama yake si abiria, ni jukumu la mtu asiyemjua.

Mizigo niliipunguza mpaka ikawa begi moja la mgongoni na mkoba mmoja mdogo. Kanuni yangu sasa ni kwamba nisibebe kitu chochote kinachoshikwa kwa mkono, kwa sababu mikono miwili ina wenyewe. Nguo za siku nne za watoto zinakunjwa mviringo na kuingia zote; taulo tunaulizia tunakofikia; viatu ni vile vilivyo miguuni na ndala. Kabla ya kutoka, binti yangu alinisomea namba yangu ya simu na ya shangazi yake bila kuangalia popote, na mdogo niliandika namba yangu kwa kalamu kwenye mkono wa juu, chini ya shati, mahali ambapo jasho haliifuti haraka.

Treni ilipopita kwenye daraja refu lililo juu ya jiji, watoto walibandika nyuso zao kwenye kioo na kuanza kutaja kila walichokitambua, paa kwa paa. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu nasi, baada ya kuwapa karanga na kuwauliza wanasoma darasa la ngapi, akauliza kama wengi wanavyouliza, kwa wema tu: "Na baba yenu mmemwacha nani amwangalie?" Nikawa ninatafuta neno. Binti yangu akamjibu, "Baba anaishi Mwanza, bibi. Sisi tumesafiri watatu." Yule mama akaitikia, "Haya, watatu wanatosha kabisa," akaendelea kumenya karanga. Ninaandika hili kwa sababu kwa miaka mitatu nilikuwa ninaliogopa swali hilo kwa niaba ya watoto, kumbe walikwisha kuwa na jibu lao, fupi na la kweli. Ninachowashauri wenzangu ni kuzungumza nalo nyumbani kabla ya safari, ili mtoto asikutane nalo kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni huku akimwona mama yake au baba yake anababaika.

Milima ya Uluguru ilipoanza kujitokeza upande wa kushoto, mdogo alikuwa amesinzia. Stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji, na mwenye bajaji niliyempata kwa kuelekezwa na wenyeji wetu alikuwa anatusubiri. Hilo nalo nililipanga. Mzazi aliye peke yake asifike mahali pageni akaanza kubishana bei huku watoto wamechoka, kwani ndipo anapokubali kila anachoambiwa.

Nyumba ya wageni niliichagua kwa maswali matatu niliyouliza kwa simu, na ninayatoa hapa kwa sababu yamenifaa kuliko picha zote za mtandaoni. Je, chumba kiko chini na kina baraza? Je, bei ni ya chumba au ya vichwa, na mtu mzima akiwa mmoja inakuwaje? Je, usiku yupo mtu wa kuamshwa? Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinijibu yote bila haraka, akanitajia shilingi 60,000 kwa usiku na chai ya asubuhi ya watu watatu, akaongeza kwamba watoto wakihitaji nusu sahani jikoni watapima nusu. Hakuniuliza mume.

Baraza lile ndilo lililokuwa likizo yangu. Watoto wakishalala saa mbili, ninaacha mlango wazi kiasi cha kupita mkono, ninakaa kwenye kiti cha ukindu hatua moja kutoka walipo, na chai ya tangawizi. Ninasikia wanavyopumua. Hewa ya Juni inashuka kutoka mlimani na ina baridi ya kujifunika kitenge, na mbele yangu kuna mwembe na taa ya mlinzi. Usiku wa kwanza nilikaa hapo mpaka saa tano bila kusoma, bila kushika simu, nikigundua kwamba mabega yangu yalikuwa yamepanda juu muda mrefu na sasa yanashuka. Sijui kama mzazi mwenye mwenza anaelewa kwamba anayelea peke yake hana saa ambayo yupo karibu na watoto wake na wakati huo huo hahitajiki.

Siku ya pili tulitembea tu. Asubuhi tulikwenda Soko Kuu la Kingalu, ambako watoto walinunua stroberi zinazoteremshwa kutoka mlimani, wakazila zote kabla hatujatoka sokoni, na binti yangu akashangaa kwamba tunda alilokuwa analiona kwenye makopo ya maziwa ya mtindi linalimwa nchini mwake. Mchana tulilala. Ninasisitiza usingizi huo wa mchana, kwa sababu niliwahi kujaza siku za likizo kwa shughuli mpaka jioni watoto wakawa wanalia nami ninafoka, na hakuna mtu mwingine wa kusema, "Leta, nikupokee."

Siku ya tatu tulikwenda Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati yake kwa kilomita zipatazo 50, hivyo hata kabla ya kufika getini Kikoboga watoto walikuwa wameshaona nyani kando ya lami na swala wamesimama kama wanasubiri basi. Kukodi gari peke yangu kungenimaliza. Ila mwenzangu wa kazini, mwanamume aliyefiwa na mkewe na anayemlea mtoto wa kiume wa miaka minane, alikuwa na mpango kama wangu, tukakubaliana kukutana Morogoro siku hiyo moja na kugawana gari la shilingi 240,000 pamoja na dereva. Tuliwekeana utaratibu kabla: kila mmoja ana watoto wake na kauli yake juu ya watoto wake, soda ni moja kwa kila mtoto, na anayeshuka kwenda chooni na mtoto anamwambia mwenzake kwa sauti. Utaratibu huo unaweza kuonekana mdogo, lakini nimeona urafiki wa watu wazima ukivunjika safarini kwa sababu ya soda.

Kiingilio kwetu raia kilikuwa shilingi 5,000 kwa mtu mzima na shilingi 2,000 kwa mtoto aliyetimiza miaka 5, kabla ya VAT ya asilimia 18, na sisi watatu tukalipa shilingi 10,620. Ninaitaja hesabu hiyo kamili kwa sababu nimekutana na wazazi wengi wanaoamini kwamba mbuga ni za wageni wenye dola, na wameishi maisha yao yote saa chache kutoka Mikumi bila kuingia.

Ndani ya gari kila mtoto yuko mahali pake. Haruhusiwi kushuka isipokuwa panaporuhusiwa, hakuna maji ya kumchukua, hakuna umati wa kupotelea, na anayetazama mbele ni dereva anayeijua njia. Kwa mara ya kwanza katika safari zetu zote niliweza kutazama kile ambacho wanangu wanakitazama, badala ya kuwatazama wao. Kwenye uwanda wa Mkata kundi la tembo lilikuwa linavuka njia. Dereva akazima injini. Jike mmoja alisimama katikati ya barabara, akatanua masikio, na mtoto wake, ambaye kimo chake hakikufika tumboni mwake, akapita chini ya kivuli chake akiwa amejishikiza kwa mkonga kwenye mguu wa nyuma wa mama. Jike hakusogea mpaka wadogo wote walipopita. Mwanangu alikuwa amekaa mapajani mwangu, alinong'ona, "Baba yake yuko wapi?" Dereva, bila kugeuka, akamweleza kwamba tembo dume wakikua huondoka kundini, na kwamba kundi linaongozwa na jike mkubwa aliyekula chumvi nyingi, anayekumbuka maji yako wapi wakati wa kiangazi. Mwanangu akafikiri. "Na mashangazi wapo," akasema, akionyesha wale wengine. Kweli walikuwapo.

Usiku huo mdogo alipata homa. Niliigusa shingo yake saa nne nikaona inaunguza, kipimajoto kikaonyesha nyuzi 38.9. Hapa ndipo mzazi anayelea peke yake anapoujua upweke wake, kwa sababu hakuna wa kumuuliza, "Tusubiri au twende?" Nilikuwa na dawa ya maji ya kushusha homa, nikampa kwa kipimo cha uzito wake, nikamwondoa nguo, nikamfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kisha nikamwamsha mlinzi, mlinzi akampigia mwenye bajaji wa siku ya kwanza, na mwenye nyumba akatoka akiwa amejifunga kanga akajitolea kukaa na binti yangu. Nilimshukuru, lakini niliwachukua wote wawili. Sikuwa na shaka naye. Nilijua tu kwamba binti yangu akiamka asimwone mama wala mdogo wake katika mji mgeni, hofu hiyo itakaa naye. Kwenye zahanati walimtoboa kidole, wakapima malaria, hakuwa nayo. Ilikuwa mafua yaliyoanza na homa kali. Saa sita na nusu tulikuwa tumerudi. Binti yangu ndiye aliyebeba mkoba wenye kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa, ameukumbatia kifuani njia nzima bila kuambiwa.

Nilimwambia asubuhi kwamba alinisaidia sana, nikamwambia pia kwamba kazi ile haikuwa yake. Ninajilinda sana na jambo hilo. Mtoto wa kwanza wa mzazi aliye peke yake anageuka mtu mzima wa pili bila mtu yeyote kukusudia, na safari inaharakisha mgeuko huo, kwa kuwa mikono inapopungua wa kwanza kuonekana ni yeye. Ninampa kazi zinazomfaa mtoto wa miaka kumi, kama kushika tiketi na kusoma vibao, na kumwangalia mdogo wake simpi zaidi ya dakika ambazo naye ninamwona.

Kwa anayekusudia kuvuka mpaka na watoto, nitasema machache tu. Maombi ya pasipoti ya mtoto yanahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi, na safarini ni busara kubeba barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako iliyothibitishwa na wakili, ikitaja tarehe na mahali mnapokwenda, au nakala ya cheti cha kifo kwa aliyefiwa. Afrika Kusini mwaka 2015 ilianza kudai vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi kwa watoto wanaoingia, na ingawa masharti hayo yamelegezwa baadaye, maafisa wa mipaka duniani kote wana sababu nzuri ya kumtazama mara mbili mtu mzima mmoja anayevuka na mtoto. Mimi ninamwomba baba yao barua hiyo mwezi mmoja kabla, kwa maandishi na kwa heshima, kwa sababu ridhaa inayoombwa siku ya mwisho huzaa ugomvi ambao watoto wanausikia.

Fedha zote za safari, pamoja na zahanati, hazikufika shilingi 600,000. Nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo, shilingi 50,000 kila mwezi tangu Julai ya mwaka uliotangulia, kwenye akaunti ambayo kadi yake niliikabidhi kwa dada yangu.

Tulirudi kwa treni ya mchana. Mdogo alikuwa amepoa, analala na kuamka, na dada yake alikuwa akichora tembo kwenye karatasi ya risiti, jike mmoja mkubwa na wadogo wawili. Tulipokaribia Pugu akaniuliza Desemba tutakwenda wapi. Nikamwambia ninafikiria Lushoto, kwa siku tatu, wakisharudi kutoka kwa baba yao. Alinyamaza kidogo, akiendelea kuchora, kisha akauliza kama huko tutafikia nyumba yenye baraza, na kama njiani choo kipo wapi.